Shaaban Robert: Mwandishi Aliyewatafuta Wasomaji

1. Asali haitembei yenyewe

Ndugu msomaji, wewe ni mtu wa Usinge, au wa kijiji kingine katika nchi hii ya miombo. Unaijua kazi ya mrina asali. Huchonga mzinga, huutundika mtini, hungoja nyuki waingie, kisha hurina kwa moshi. Unajua pia kwamba asali ikisharinwa kazi haijaisha. Asali iliyokaa porini hailishi watoto. Lazima ichujwe, itiwe katika chombo, ichukuliwe mpaka gulioni au kituo cha reli, ipate mnunuzi na bei.

Wazee walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ni ya kweli mara nyingi. Lakini hata asali iliyo njema kuliko zote haina miguu. Lazima awepo mtu wa kuibeba.

Kitabu nacho ni hivyo hivyo. Kukiandika ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kukifikisha mikononi mwa msomaji. Katika somo hili utasoma maisha ya mtu aliyezijua nusu zote mbili. Ya kwanza aliiweza kuliko watu wengi wa zamani zake. Ya pili ilimsumbua mpaka mwisho wa maisha yake. Mtu huyo ni Shaaban Robert.

2. Mtoto wa Vibambani

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, sehemu za Machui, karibu na mji wa Tanga. Wakati huo nchi yetu ilitawaliwa na Wajerumani. Asili ya baba yake ilikuwa Wayao, lakini yeye alikulia pwani, na lugha yake ilikuwa Kiswahili.

Alipokuwa na umri wa miaka mitano, Vita Kuu ya Kwanza ilianza. Vita ilipokwisha Waingereza walishika utawala. Shaaban alipelekwa Dar es Salaam kusoma, akasoma huko kuanzia 1922 hadi 1926. Katika mtihani wa mwisho walikuwa wanafunzi 11, naye akawa wa pili. Akapata cheti cha kumaliza shule.

Hebu fikiri jambo hili. Elimu yake ya shule iliishia hapo. Hakusoma chuo kikuu. Mengine yote aliyoyajua aliyapata kwa kusoma vitabu mwenyewe, kwa kusikiliza watu, na kwa kuitazama dunia. Hata wewe uliyemaliza darasa la kisomo, mlango huo uko wazi mbele yako.

3. Karani mwenye kazi mbili

Mwaka 1926 Shaaban Robert aliajiriwa na serikali kuwa karani wa forodha. Kazi ya forodha ni kuandika mizigo inayoingia na kutoka bandarini na kutoza ushuru. Aliifanya kazi hiyo mpaka 1944, na miaka mingi alikuwa Pangani. Kisha alihamishiwa Idara ya Wanyama, akafika hata Longido, mbali sana na bahari. Mwaka 1946 alirudi Tanga, akafanya kazi katika ofisi ya wilaya, na kuanzia 1952 katika ofisi ya upimaji wa ardhi. Aliacha kazi ya serikali mwaka 1960.

Hesabu miaka hiyo, utaona kwamba alikuwa karani kwa muda wa miaka 34. Mshahara wake ulitoka katika ukarani, wala haukutoka katika hadithi. Kuandika ilikuwa kazi yake ya pili. Aliifanya nje ya saa za ofisi, huku ana mke, watoto na jamaa wa kutunza. Mke wake Amina alifariki wangali vijana, naye akamtungia shairi la maombolezo ambalo watu wengi wanalijua mpaka leo.

Alianza kujulikana kwa mashairi yake katika gazeti la Mambo Leo. Gazeti hilo lilikuwa la serikali, lilianza mwaka 1923, na lilitoka mara moja kwa mwezi. Lilikuwa na nafasi ya mashairi ya wasomaji. Hapo mtunzi wa Pangani aliweza kusomwa na karani wa Tabora na mwalimu wa Kigoma. Angalia busara yake: kabla ya kuwa na kitabu, alikuwa na jina. Mtu aliyelijua jina lake gazetini aliweza kukitafuta kitabu chake baadaye.

4. Lugha ilitangulia, vitabu vikafuata

Labda unajiuliza: mtu huyu alikuwa wa Tanga, na sisi tuko Usinge. Vitabu vyake vilitufikiaje?

Jibu linaanza zamani, kabla ya Shaaban kuzaliwa. Unaijua habari ya njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikaishia Ujiji. Wapagazi wengi wa njia hiyo walikuwa Wanyamwezi. Walipeleka pembe za ndovu pwani, wakarudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Pamoja na mizigo hiyo walichukua mzigo mwingine usiokuwa na uzito begani, yaani lugha ya Kiswahili. Kwa hiyo Kiswahili kilifika nchi hii kwa miguu ya wazee wetu.

Baadaye ikaja reli. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Garimoshi likaleta barua, magazeti na vitabu.

Kwa hiyo Shaaban Robert alipoandika kwa Kiswahili, hakuwaandikia watu wa pwani peke yao. Watu wa lugha yake walikuwa wameenea kutoka bahari ya Hindi mpaka Kongo. Hakuna mtunzi wa Afrika Mashariki wa siku zile aliyekuwa na soko kubwa kuliko hilo. Shida yake ilikuwa jinsi ya kulifikia.

5. Safari ndefu ya mswada

Sasa utazame mswada wake ulivyosafiri. Mswada ni maandishi ya mtunzi kabla hayajawa kitabu.

Katika miaka ile hapakuwa na mchapishaji mkubwa wa hadithi katika Tanganyika. Kamati ya lugha iliyoanzishwa na serikali za kikoloni mwaka 1930 ilisimamia Kiswahili sanifu. Vitabu vya shule vilikaguliwa nayo, na kitabu kilichokubaliwa kilipata kibali. Baada ya hapo mtunzi alitafuta mchapishaji, na wachapishaji wakubwa walikuwa ng'ambo.

Vitabu vya Shaaban Robert vilitoka mbali kweli kweli. Pambo la Lugha na Kielezo cha Insha vilichapishwa na chuo kikuu cha Witwatersrand, mjini Johannesburg, Afrika Kusini. Maisha Yangu kilitolewa mwaka 1949 na kampuni ya Nelson, ambayo asili yake ni Uskoti. Kusadikika kilitolewa na kampuni hiyo hiyo mwaka 1951. Adili na Nduguze kilitolewa mwaka 1952 na kampuni ya Macmillan ya Uingereza.

Fahamu maana yake. Hadithi ilitungwa Tanganyika kwa lugha ya Tanganyika. Ikapanda meli kwenda Ulaya. Huko ikapigwa chapa na watu ambao wengi wao hawakujua kuisoma. Kisha ikapanda meli tena, ikarudi kuuzwa kwa watu wa nyumbani. Mwenye kuamua kitabu kipi kitoke, kwa bei gani, na nakala ngapi, alikuwa mbali na mtunzi, na mbali zaidi na msomaji.

6. Hadithi alizotunga

Na hadithi zenyewe zilikuwaje? Yafaa uzijue, maana kama bidhaa si njema, safari ndefu haina faida.

Kusadikika ni nchi ya kubuni. Iko angani, haimo katika ramani. Raia mmoja aitwaye Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno. Kosa lake ni kutaka kuwafundisha watu elimu ya sheria. Karama anasimama mbele ya mfalme na kujitetea kwa siku sita. Anaeleza habari za wajumbe sita waliotumwa kwenda pande mbalimbali kutafuta mambo mema kwa ajili ya nchi yao. Kila mmoja alivumilia taabu, akarudi na mawazo ya maana, na kila mmoja alitiwa gerezani. Mwishoni mfalme anatambua kosa, na wafungwa wanafunguliwa.

Kumbuka kwamba kitabu hicho kilitoka mwaka 1951, miaka 10 kabla ya Uhuru, na mtunzi wake alikuwa mtumishi wa serikali ya wakoloni. Hakuitaja Tanganyika. Hakumtaja gavana. Lakini wasomaji wengi waliitazama nchi ile ya angani wakaona nchi yao ya ardhini. Hadithi iliweza kupita mahali ambapo hotuba ingezuiwa.

Adili na Nduguze ni habari ya ndugu watatu. Adili ni mwema. Ndugu zake, Hasidi na Mwivu, wanamtendea ubaya kwa sababu ya wivu, nao wanageuzwa kuwa manyani. Kila usiku Adili analazimika kuwapiga, huku moyo wake ukimwuma. Mfalme Rai anaigundua siri hiyo, na mwisho kuna msamaha.

Utubora Mkulima ni habari ya mtu aliyeacha kazi ya ofisini, akaenda kijijini kulima kwa mikono yake, akapata amani. Wewe mkulima wa tumbaku na mahindi, kitabu hicho kinakuhusu.

Aliandika pia maisha ya Siti binti Saad, mwimbaji mashuhuri wa Unguja. Tena alitunga utenzi wa beti 3000 juu ya Vita Kuu ya Pili.

7. Nani alinunua?

Kitabu kina wanunuzi wa namna tatu. Wa kwanza ni shule. Shule ikikubali kitabu, nakala nyingi hununuliwa mara moja. Wa pili ni maktaba na maduka ya vitabu. Wa tatu ni mtu binafsi, kama wewe, anayetoa shilingi yake mwenyewe.

Mwaka 1948 serikali za Afrika Mashariki zilianzisha shirika la vitabu lililokuwa na makao yake Nairobi. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia watunzi, kutoa vitabu na kuvieneza, pamoja na kusimamia maktaba. Hayo yalisaidia. Lakini maduka yalikuwa mjini na kwenye misheni, na watu wengi waliishi vijijini.

Pia wasomaji walikuwa wachache. Hesabu ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba katika kila watu wazima 100 wa Tanzania, karibu 67 hawakujua kusoma na kuandika. Hiyo ilikuwa miaka mitano baada ya Shaaban kufariki. Alipokuwa hai, hali haikuwa nafuu kuliko hiyo. Ni kama kuleta asali katika kijiji ambacho watu wengi wamefungwa midomo.

Tena kuna habari ya malipo. Mtunzi anayechapishiwa na kampuni hulipwa sehemu ndogo ya bei ya kila nakala inayouzwa. Tuseme kitabu kinauzwa kwa shilingi 10, na mkataba unasema mtunzi apate shilingi moja. Tisa zinazobaki zinalipia karatasi, uchapaji, usafiri, mwenye duka na kampuni. Nakala zikiuzwa chache, mtunzi anapata kidogo sana. Zikiisha, na kampuni isichape nyingine, hapati kitu, hata kama watu wanakitaka kitabu.

8. Anachapisha mwenyewe

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Shaaban Robert alichukua hatua ya ujasiri. Alianza kutoa baadhi ya vitabu vyake mwenyewe, pale pale Tanga. Shughuli hiyo aliipa jina la Kiingereza lenye maana ya Sanaa na Fasihi. Masomo Yenye Adili ni kimoja cha vitabu vilivyotoka kwa njia hiyo. Sasa karani na mtunzi akawa pia mfanyabiashara wa vitabu.

Je, kuna faida gani katika kujichapishia? Faida ni kwamba mtunzi anaamua mwenyewe. Hangoji jibu la barua kutoka Ulaya. Kitabu chake ni mali yake, kama shamba lake.

Lakini angalia na mzigo wake. Anayejichapishia humlipa mpiga chapa kwanza, kabla hajauza hata nakala moja. Huvitunza vitabu visiliwe na mchwa wala kulowa. Huandika barua kwa shule na maduka. Hufunga vifurushi, hulipia posta, hungoja fedha. Wengine huchukua kwa mkopo wasilipe.

Na njia ilikuwa ngumu. Chukua mfano wa kitabu kimoja cha kutoka Tanga kuja Usinge. Tanga ilikuwa na reli yake ya kwenda Moshi na Arusha. Reli ya Kati, hii inayopita Tabora, Kaliua na Usinge, ilitoka Dar es Salaam. Reli hizo mbili hazikuwa zimeungana. Ziliunganishwa mwaka 1963, kati ya Ruvu na Mnyusi. Kwa hiyo kifurushi cha Tanga kililazimika kwenda Dar es Salaam kwa barabara au kwa meli kwanza, ndipo kipande garimoshi la kuja huku. Reli zilipoungana, Shaaban Robert alikuwa kaburini.

9. Kifo chake na vitabu vyake

Shaaban Robert alifariki mwezi wa Juni 1962, akiwa na umri wa miaka 53. Alizikwa kwao, karibu na Tanga. Alikuwa ameuona Uhuru kwa miezi sita tu. Alikuwa amepata medali na sifa, na alikuwa amekaa katika kamati ya lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Lakini aliacha miswada mingi ambayo haijawa vitabu.

Sasa tazama miaka iliyofuata. Kufikirika kilitoka mwaka 1967. Utenzi wa Vita vya Uhuru ulitoka mwaka huo huo. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vilitoka mwaka 1968. Koja la Lugha kilitoka mwaka 1969. Kampuni ya Nelson ilivikusanya vitabu vyake vingi katika mfululizo ulioitwa Diwani ya Shaaban. Vilisomwa mashuleni Tanzania na hata nje.

Na wasomaji nao walikuja. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Madarasa yakafunguliwa vijijini, chini ya miti, makanisani, misikitini na katika majengo ya vyama vya ushirika. Wazee kwa vijana wakashika kalamu. Ilipofika mwaka 1986, idadi ya watu wazima wasiojua kusoma ilikuwa imeshuka chini ya 10 katika kila 100.

Hapo ndipo palipo na uchungu wa habari hii. Mtu alihangaika maisha yake yote kutafuta wasomaji. Wasomaji wakaja kwa mamilioni, naye hayupo. Hakuzila fedha za vitabu vile, wala hakuzisikia sauti za watu waliokuwa wakivisoma.

Lakini kuna na faraja. Miswada haikupotea. Ilikuwa imeandikwa vizuri na kutunzwa. Hata barua alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge, kutoka 1931 hadi 1958, zilihifadhiwa miaka mingi. Mwaka 2002 zilitolewa kuwa kitabu na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam. Yusuf Ulenge naye alikuwa mtunzi wa hadithi. Kama barua hizo zingetumiwa kufungia chumvi, sisi tungekosa kumjua Shaaban akiwa kaka na mtu wa nyumbani.

10. Nawe je?

Ndugu msomaji, wako watu wanaodhani kwamba mambo ya vitabu ni ya watunzi na wachapishaji peke yao. Maisha ya Shaaban Robert yanatuonyesha mtu wa tatu, naye ni msomaji. Asipokuwako huyo, mswada ni karatasi tu.

Kwa hiyo fanya sehemu yako. Kitabu kimoja kikifika kijijini, kisikae sandukuni mwa mtu mmoja. Wasomee wenzako jioni. Azima, soma, rudisha, kisha mpe jirani. Ukipata fedha za tumbaku au asali, tenga kidogo ununue kitabu kimoja cha watoto wako.

Na kama unayo hadithi yako, iandike. Labda unajua habari za wapagazi ulizosimuliwa na babu yako. Labda unajua ngano za Kinyamwezi ambazo hazijaandikwa. Ziandike, baki na nakala yako, na usitie sahihi mkataba wowote kabla hujausoma wote mpaka mwisho. Wewe sasa unajua kusoma.

Maana ya maneno

Mswada: maandishi ya mtunzi kabla hayajachapishwa.
Mchapishaji: mtu au kampuni inayogharimia kitabu na kukitoa kiuzwe.
Mpiga chapa: mwenye mitambo ya kuchapa karatasi.
Mkataba: mapatano yaliyoandikwa na kutiwa sahihi.
Kubuni: kutunga jambo kwa mawazo.

Maswali ya kujadiliana

1. Shaaban Robert alifanya kazi gani ili kupata mshahara wake?
2. Kwa nini vitabu vyake vya kwanza vilichapishwa nchi za mbali?
3. Kwa nini aliiweka hadithi ya Kusadikika katika nchi ya kubuni?
4. Taja faida moja na taabu mbili za mtunzi anayejichapishia vitabu.
5. Wapagazi wa njia ya misafara waliwasaidiaje watunzi wa vitabu waliokuja baadaye?
6. Katika kijiji chenu vitabu vinapatikana wapi? Mfanye nini ili viwafikie watu wengi zaidi?